Kidole Kilichosema Nimekunywa



Miezi minne imepita tangu mama mmoja katika darsa yetu ya wanawake hapa Mjambere aliponiuliza swali ambalo halikuwamo katika kitabu tulichokuwa tukisoma. "Maalim," alisema, "hizi programu za simu zinazomkumbusha mgonjwa wa presha kunywa dawa, zina faida au ni mchezo wa vijana?" Nilimjibu kwa maneno ya juu juu, kwamba kila chenye manufaa na kitumiwe, kisha nikafunua ukurasa uliofuata. Wenzake hawakushuku kitu. Mimi nilirudi nyumbani na uzito moyoni, kwani jibu la kweli lilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya simu, na lilikuwa jibu la aibu. Leo namjibu, kwa idhini ya mke wangu ambaye naye ana sehemu katika kisa hiki.

Niwatangulizie habari za marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na presha kwa zaidi ya miaka 10, na katika miaka yote hiyo aliihesabu kuwa ni maradhi ya kichwa. Kichwa kikimgonga, presha imepanda, basi atameza kidonge. Kichwa kikitulia, presha imekwenda zake, naye huvirudisha vidonge katika pembe ya leso, akafunga fundo na kuvisunda chini ya mto. Hatukumkanya hata siku moja, kwa kuwa sisi sote tuliamini vivyo hivyo. Hata asubuhi moja baada ya Alfajiri alitaka kunyanyua birika la chai, na mkono haukumtii. Alitutazama kwa mshangao, akataka kusema, na mdomo ukaenda upande. Tulimvusha Daraja la Nyali hadi hospitali ya Makadara. Roho ilisalimika, lakini upande wake wa kulia haukurudi tena, na kwa miaka miwili dada zangu walikuwa wakimgeuza kitandani kama tumgeuzavyo mtoto mchanga. Baada ya hitima yake, dada yangu mkubwa alipokuwa akipanga nguo za kutolewa sadaka, alifungua leso moja baada ya nyingine, na kila fundo lilikuwa na vidonge. Tulivihesabu mpaka tukaacha.

Nyumba nyingi zina mzee wa namna hii, na si wazee peke yao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Katika hao wenye maradhi, waliojijua kwamba wanayo hawakufika mmoja katika watano, na katika hao wachache waliojijua, wenye kutumia dawa walikuwa kiasi cha robo tu. Sababu kubwa ni ile ile iliyomdanganya mama yangu, nayo ni kwamba presha kwa kawaida haiumi. Damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi ya kiasi, mchana na usiku, hali mtu anacheka na kula pilau harusini, na moyo, figo, macho na ubongo ndivyo vinavyokuja kulipa deni baada ya miaka.

Nilipopimwa nami, huu sasa mwaka wa sita, nikaambiwa ni 168 kwa 102, nilijiapia moyoni kwamba mimi sitavifunga vidonge katika leso. Na kweli sikuvifunga. Nilivisahau tu.

Niliandikiwa dawa mbili za kumeza kila asubuhi, moja amlodipini, na ya pili ile ya kupunguza maji mwilini, ambayo humpeleka mtu msalani mara kwa mara. Asubuhi ya mwalimu wa chuo haina mpangilio. Baada ya Alfajiri nina watoto, baada ya watoto kuna mtu mlangoni ana ugomvi na mkewe, kabla hajaondoka simu inalia kwamba kuna maiti Kiembeni. Nikikumbuka dawa, jua limeshapinduka, nami sijui kama nilimeza ama nakumbuka ya jana. Mara mbili nilimeza mara mbili, na siku moja katika hizo kichwa kilinizunguka nilipoinuka kutoka kwenye sijda, nikashika bega la jirani yangu.

Binti yangu wa pili, ambaye anafanya kazi Maskati, alikuja likizo akaniona. Alichukua simu yangu, akapekua hiki na kile, akaweka humo programu ya dawa. Picha ya kidonge hutokea saa mbili kasorobo za asubuhi, mlio hulia, na chini yake kuna kitufe cha kubonyeza ukishameza. Ukibonyeza, alama ya kijani hujitokeza. Usipobonyeza, mlio hurudi, na baada ya muda binti yangu kule aliko hupata taarifa kwamba baba yake hajanywa. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa kandu mpya. Nilimwambia mke wangu kwamba hakuna ajabu, kwani sisi tumekwisha kuikubali simu itukumbushe nyakati za swala, kwa nini isitukumbushe na dawa?

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri, isipokuwa kwa kituko kimoja. Binti alipokwisha kurudi Maskati niliona ile saa mbili kasorobo hainifai, nikaingia mwenyewe niisogeze iwe saa mbili kamili. Simu haihesabu saa kama tuhesabuvyo sisi. Niliandika 2:00, nikalala nikiwa nimeridhika na ujuzi wangu, na saa nane za usiku nyumba nzima iliamshwa na mlio wa dawa. Mke wangu alidhani nimeanza kujitegea saa ya tahajudi, akaniombea dua hapo hapo kitandani, nami sikuwa na moyo wa kumkosoa mpaka asubuhi. Nayaeleza haya kwa sababu nimeshakutana na wazee wawili waliofanya vivyo hivyo, na mmoja wao alimeza dawa usiku ule na akameza tena asubuhi. Anayemwekea mzazi wake programu asiondoke kabla hajamwonyesha kwamba saa mbili yetu ya asubuhi ndiyo nane ya simu.

Sasa nifike penye uzito. Ilianza siku za Ijumaa. Ile dawa ya maji nikiimeza saa mbili asubuhi, nguvu yake hunipanda kuelekea Adhuhuri, yaani wakati ule ule niliopo juu ya mimbari. Imamu hawezi kushuka katikati ya hotuba akaomba udhuru. Ijumaa moja nilibana mpaka jasho likanitoka, nikakatisha hotuba, nikaswalisha kwa sura fupi kuliko zote, na niliposalimu nilitoka mbio viatu mkononi. Watu walidhani nimepata habari ya msiba. Ijumaa iliyofuata sikuimeza. Kisha sikuimeza siku ya nikahi, maana bwana harusi hangojeshwi. Kisha siku ya safari ya Malindi, kwa kuwa matatu haisimami kwa haja ya mtu mmoja. Kabla mwezi wa tatu haujaisha nilikuwa nameza moja na kuiacha moja, na baadaye, kwa uvivu ambao sina udhuru wake, hata ile moja ikawa leo ndiyo kesho siyo.

Na kitufe nilikuwa nakibonyeza kila siku.

Nilijua nikitokibonyeza binti yangu atapata taarifa, atakuwa na wasiwasi kazini, atanipigia simu, nami itanibidi nimweleze binti yangu wa kumzaa mambo ya msalani. Nikajiambia ninamwondolea dhiki. Mlio ukilia, kidole kilikwenda chenyewe, kama mkono unavyofukuza nzi. Sikutamka neno, na kwa kuwa sikutamka nilijiona sijasema uongo. Lakini chuoni tumefunzwa, na mimi mwenyewe nimekuwa nikifunza kwa miaka mingi, kwamba ishara ya bubu ikifahamika husimama mahali pa tamko lake, akauza kwayo na kununua na kuoa. Kidole changu kilikuwa kikitamka kila asubuhi, na shahidi wake alikuwa Maskati akiamini.

Aliyenifichua ni mwanamke mmoja wa mtaa wetu, mhudumu wa afya ya jamii, ambaye wanawe wawili wamesoma Kurani mikononi mwangu. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa namna hii, kama 100,000 nchi nzima, mikoba yenye vifaa, na miongoni mwa vifaa hivyo kulikuwa na kipimo cha presha, pamoja na simu yenye programu ya kuandikia hali ya kila nyumba wanayoitembelea. Alibisha hodi baada ya Alasiri. Alinikalisha kitini, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, akanitaka ninyamaze dakika tano. Kwangu hilo la kunyamaza ndilo lililokuwa gumu. Kipimo kilisoma 176 kwa 104. Akangoja, akapima tena: 172 kwa 102.

Mke wangu alikuja na simu yangu mkononi. "Haiwezekani," alisema. "Maalim hunywa kila siku. Tazama hapa." Akamwonyesha alama za kijani, mstari baada ya mstari, mwezi mzima bila pengo.

Yule mama aliitazama simu, akanitazama mimi, na kwa adabu aliyolelewa nayo hakuniuliza kama ni kweli nakunywa. Aliuliza, "Katika hizi mbili, Maalim, ni ipi inayokuletea taabu?"

Miaka sita nilikuwa nimeulizwa kama ninakunywa. Ninakumbuka madaktari watatu na wauguzi wasio na idadi, na wote niliwajibu ndiyo kwa wepesi, kama mtu anavyojibu salamu. Swali hili jingine halikuwa na mlango wa ndiyo. Nilimweleza yote, habari ya mimbari, ya matatu na ya viatu mkononi. Alisikiliza bila kucheka, ingawa mahali pa kucheka palikuwapo. Akaandika katika simu yake, akaniambia kwamba dawa zinazofanya kazi hiyo ziko nyingi, kwamba si lazima iwe ile, na kwamba nisiache wala nisibadilishe kwa rai yangu bali nende zahanati kesho yake nimwambie daktari maneno yale yale niliyomwambia yeye. Nilikwenda. Daktari alisikiliza, akaniondolea ile ya maji, akaniandikia losartani badala yake, akanitaka nirudi baada ya wiki nne. Mazungumzo hayo hayakufika robo saa. Kwa ajili ya robo saa hiyo nilikuwa nimeiweka rehani miezi mingi ya maisha yangu.

Mke wangu hakusema kitu mbele ya mgeni. Alipoondoka, nilimsikia jikoni akiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Usiku, taa zimezimwa, ndipo aliposema: "Mamako alivificha katika leso. Wewe umevificha katika simu." Akageukia ukutani. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Siku ya pili nilimtumia binti yangu ujumbe wa sauti, dakika saba, nikamwambia kila kitu. Alikaa kimya siku nzima. Kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, nimekuwa nikifurahi kila asubuhi bila kukuuliza hali yako, kwa sababu simu ilikuwa imeshanijibu." Hakunilaumu zaidi ya hapo. Lakini yeye ni mtu wa kusoma, na kwa majuma kadhaa baadaye alinitumia habari za tafiti mbalimbali, nyingine nikizisoma na kamusi ubavuni. Tatu miongoni mwa hizo zimenikaa, nazo mbili zilifanywa hapa hapa Kenya.

Huko Chulaimbo, upande wa Kisumu, watafiti waliwafuata wagonjwa 431 walioanza kutumia dawa za virusi vya UKIMWI, kwa wiki 48. Wengine walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha kila siku, wengine mara moja kwa wiki, na wengine hawakutumiwa kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki, 53 katika 100 walidumu na dawa zao ipasavyo, ilhali wasiokumbushwa walikuwa 40 katika 100. Waliokumbushwa kila siku hawakuwashinda wasiokumbushwa kabisa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mkono wangu na yule nzi. Mlio wa kila siku sikio hulizoea, kama mtu aishiye kando ya barabara ya Malindi anavyoacha kuyasikia malori.

Utafiti wa pili ulifanyika Nairobi na Kajiado, kwa wagonjwa 538 wa maradhi hayo hayo, na ukachapishwa mwaka 2010. Huu ndio ulionigusa zaidi. Kila Jumatatu muuguzi alimtumia mgonjwa neno moja: "Mambo?" Halikutaja dawa wala maradhi. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48 kwa neno moja katika mawili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mtu akaulizwa kuna nini. Waliotumiwa ujumbe huo, 62 katika 100 walieleza kwamba walidumu na dawa, na wasiotumiwa walikuwa 50. Wala haikuwa maneno ya mdomo tu, kwani hata damu yao ilipopimwa, waliofaulu kuvishusha virusi walikuwa wengi zaidi upande wa walioulizwa hali. Maradhi yao si yangu, lakini wao na mimi tumeandikiwa kidonge cha kila siku kisicho na tarehe ya mwisho, na najua sasa kwamba kitufe cha simu yangu kilikuwa na "Sawa" peke yake.

Utafiti wa tatu ni wa Marekani, wa mwaka 2018, na huu unahusu presha yenyewe. Watu 411 ambao presha yao haikuwa imedhibitiwa waligawanywa mafungu mawili, wote wakapewa vipimo vya kupimia nyumbani, na fungu moja likaongezewa programu ya simu iitwayo Medisafe kwa wiki 12. Wenye programu walisema wanadumu na dawa vizuri zaidi kidogo. Presha zao zilipotazamwa, mafungu yote mawili yalikuwa yameshuka kwa takriban kipimo kimoja, alama 10 hivi, pasi na tofauti ya maana. Simdhanii mtu vibaya, ila natambua vyema jinsi inavyowezekana simu iseme heri na mkono useme shari.

Basi mama yangu uliyeuliza, programu ina faida, nami bado ninayo. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kusahau, kama lilivyokuwa langu mwanzo, inamfaa sana, na inamwepusha kumeza mara mbili, jambo ambalo si dogo. Lakini wengi wetu hatuachi dawa kwa kusahau. Tunaacha kwa sababu miguu imevimba, au kikohozi kikavu hakituachi, au kuna udhaifu wa chumbani ambao mwanamume hamwambii hata mkewe bali anavitupa vidonge kimyakimya. Mwingine ameishiwa pesa, mwingine ameambiwa na jirani kwamba ukizianza hutaziacha, na mwingine anajiona mzima. Hakuna kitufe cha hayo. Nami nimeshasikia mawaidha, na pengine nimewahi kuyatoa, yanayomwambia mgonjwa atosheke na dua na kitunguu saumu. Dua ni ya kila siku na haina mpinzani. Ila bedui aliyeuliza habari ya ngamia wake aliambiwa nini na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam? Watoto wa chuo wote wanalijua jibu.

Tulipolizungumza jambo hili katika darsa, safari hii kwa ukweli, ilidhihirika kwamba zaidi ya nusu ya akina mama wenye presha wana zile simu ndogo tuziitazo mulika mwizi, ambazo haziingii programu yoyote. Wenye simu kubwa walilalamika kwamba maandishi ni ya Kiingereza. Na mama mmoja alingoja wenzake watoke, akaniambia kwamba simu yake inashikwa na kila mtu nyumbani, na hataki jina la dawa lijitokeze kwenye kioo, kwa sababu mke mwenza hajui kwamba anaumwa na hapaswi kujua. Sikumhoji. Nilifikiri tu jinsi wale wauguzi wa Nairobi walivyokuwa na hekima ya kuandika neno lisilotaja ugonjwa.

Akina mama 14 wakaamua kujaribu namna yao. Wamejipanga wawili wawili, kila mtu amechagua mwenziwe mwenyewe, na kila Jumatatu mmoja humwandikia mwingine. "Mambo?" waliikataa kwa vicheko, wakasema hiyo ni salamu ya vijana wa steji. Wameweka "U hali gani?" na jibu ni "Njema" au "Shida". Akijibu "Shida", au akinyamaza hadi Jumatano, mwenziwe huenda kumwona. Mhudumu wetu wa afya anajua habari hii, na hupita na mkoba wake kila anapoweza.

Sitasema kwamba mambo yamenyooka. Jozi mbili zimekwisha kuvunjika, moja kwa ugomvi wa deni la mchele usiohusiana na presha hata kidogo. Mama mmoja alijibu "Njema" majuma matano, kumbe amejifunza njia yangu, na kipimo kikamsema. Lakini mwingine alinyamaza Jumatatu ya saba, mwenziwe akenda, akamkuta amekaa barazani na pakiti tupu. Dawa zilikwisha siku tisa nyuma, na pesa iliyokuwapo ilikwenda kwa karo ya mjukuu. Hakutaka kuomba. Wenzake walichanga jioni ile ile, na dawa ya mwezi ilinunuliwa kabla ya Isha.

Kuhusu Ramadhani, ambayo najua nitaulizwa, nasema kwa ufupi. Mwendeeni daktari ndani ya Shaaban, si siku ya tatu ya mfungo. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku, ila si zote, na anayehamisha ni yeye, si mimi wala si jirani. Aliyeambiwa asifunge, ruhusa yake imo katika Suratul Baqara, wala sioni ushujaa katika kuirudisha ruhusa ya Mola. Na mwenye programu aisogeze saa yake usiku wa kuandama mwezi, la sivyo simu itamlilia saa mbili asubuhi akiwa na saumu, na mkono wake utajifunza tena kufukuza nzi.

Mimi na binti yangu tumepatana upya. Taarifa za alama za kijani ameziondoa kwenye simu yake. Kila Jumatatu, saa zao zikiwa mbele yetu kwa saa moja, huniandikia kabla hajaingia kazini, naye ameiga maneno ya akina mama: "U hali gani, Baba?" Mara ya mwisho nilipopimwa ilikuwa 138 kwa 86. Mke wangu ameiandika namba hiyo kwa kalamu ukutani, karibu na swichi ya taa ya jikoni, na hapo hapo ameacha nafasi.

Jumatatu hii nilikuwa na "Njema" tayari chini ya kidole. Kisha nikafungua kijaluba cha dawa, nikaona losartani zilizobaki ni tatu, na mshahara wa chuo haujatoka. Nikafuta, nikaandika "Shida."

Simu iliita kabla sijaiweka chini.

Wabillahi tawfiq.